Nyasi za Wageni, Kapeti la Wenyeji

Mashabiki wa Liverpool, mnaikumbuka ile tikitaka ya Shaqiri dhidi ya Manchester United, Julai 2018. Wa United mnaikumbuka pia, hata mkijifanya mlikuwa mmelala. Mechi ya kirafiki kule Marekani, watu 101,254 uwanjani, Liverpool wakashinda 4-1. Jamaa alikuwa ndio kwanza amesajiliwa. Krosi ikaja, akajirusha hewani, akaipiga, kipa akabaki kuangalia, na yeye akaangukia mgongo kwenye nyasi.

Nataka tuongee kuhusu hizo nyasi.

Uwanja ule uko Ann Arbor, jimbo la Michigan, na si wa klabu yoyote. Ni wa chuo kikuu. Ni uwanja wa wanafunzi, wa University of Michigan, na unaingiza watu 107,601. Kasarani yetu haifiki hapo. Wanafunzi wa pale wanacheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya kuvaa, na kwa miaka mingi sasa wanaucheza juu ya plastiki. Nyasi za asili waliziondoa mwaka wa 2003 wakatandika kapeti. Lakini klabu za Ulaya zilipokubali kuja kupiga mechi ya kirafiki, nyasi halisi zililetwa kwa malori, zikatandazwa juu ya ile plastiki, mechi ikachezwa, kisha zikatolewa. Ilikuwa hivyo pia 2014, Manchester United walipowafunga Real Madrid 3-1 mbele ya watu 109,318, idadi ambayo mechi ya soka haikuwahi kufikisha Marekani kabla ya siku hiyo.

Yaani mgeni wa usiku mmoja anatandikiwa nyasi. Mwenye nyumba, ambaye atavunjikia hapo miaka minne, analala kwenye kapeti.

Nilipoelewa hiyo maneno nilikasirika kidogo, halafu nikajiuliza mbona mimi wa Nairobi nakasirika kwa niaba ya majamaa wa Michigan. Sababu ninayo na nitaifikia. Kwanza wacha niwe mkweli kwa wale walioamua kutoa nyasi, juu si wajinga, na hii hadithi si ya watu wabaya na watu wazuri.

Huo uwanja ulifunguliwa 1927 ukiwa na nyasi. Mwaka wa 1969 wakaweka plastiki ya kwanza, ile ya zamani iliyokuwa ngumu kama mkeka uliogundishwa kwenye sakafu. Wakati huo ilikuwa ndio fasheni. Mambo yalianzia Houston, kwenye ule uwanja wa besiboli wenye paa, Astrodome, uliofunguliwa 1965. Waliweka nyasi halisi ndani, na paa la kupitisha mwanga ili jua lipite. Wachezaji wakalalamika kwamba mwangaza unawapofusha, mpira ukiwa juu hawauoni. Basi paa likapakwa rangi. Jua likakosa njia, nyasi zikafa. Mwaka uliofuata wakaweka plastiki, na ndiyo ikaitwa AstroTurf, jina la Astrodome. Ndio maana hadi leo hapa Nairobi ukimwambia msee "tukutane astro saa mbili usiku" anajua unamaanisha nini. Neno limesafiri kutoka Houston hadi South B na hakuna aliyeliuliza limetoka wapi.

Turudi Michigan. Mwaka wa 1991 wakang'oa plastiki na kurudisha nyasi. Wakajaribu kwa miaka kumi na mbili. Tatizo ni kwamba uwanja wenyewe umechimbwa ardhini kama bakuli, sehemu kubwa ya viti iko chini ya usawa wa barabara, na msimu wao unaanza Septemba ukielekea baridi kali. Nyasi hazikushika vizuri. Mchezaji mwenye kilo mia na thelathini akisukumana na mwenzake wa kilo hizo hizo, kipande kizima cha nyasi kinang'oka kama chapati. Wanakibandika kingine, nacho kinang'oka. Wakachoka. Mwaka wa 2003 wakaleta plastiki ya kizazi kipya, yenye majani marefu na vipande vyeusi vya mpira wa matairi yaliyosagwa katikati. Ukishacheza astro unavijua hivyo vipande. Unavikuta kwenye soksi, kwenye kitanda, kwenye sufuria ya uji kama mamako anaosha nguo karibu na jikoni.

Kwa hivyo mtu akiniambia walikuwa na sababu, nakubali. Nyasi ni kazi. Ila kuna jirani yao.

Kilomita kama 100 kutoka Ann Arbor, mwendo wa Nairobi kwenda Naivasha na zaidi kidogo, kuna chuo kingine, Michigan State, kule East Lansing. Hao wawili ni mahasimu kuliko Gor na Ingwe. Mwaka wa 2002, mwaka mmoja tu kabla Michigan kutoa nyasi, Michigan State walifanya kinyume: walitoa plastiki wakaweka nyasi. Jimbo moja, baridi moja, theluji moja. Na si bahati. Hicho chuo kina watu wanaosomea nyasi. Usicheke. Mtu anaingia chuo kikuu, anasomea nyasi za viwanja, anahitimu, anaajiriwa. Kombe la Dunia la 1994 lilipoenda Marekani, mechi zingine zilipangwa ndani ya Silverdome, uwanja wenye paa karibu na Detroit. Wataalamu wa Michigan State wakaotesha nyasi nje, kwenye trei kubwa za pembe sita, kisha wakaziingiza ndani na kuziunganisha kama fumbo la watoto. Marekani na Uswisi wakatoka sare ya 1-1 juu ya hizo nyasi, na hiyo ikawa mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa chini ya paa. Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA ilipodai nyasi kwenye viwanja vyote, ilienda tena kwa Michigan State, pamoja na Chuo Kikuu cha Tennessee, kuwauliza nyasi zitaishi vipi ndani ya viwanja vyenye paa.

Ndio hapo nikaacha kuamini ile hadithi ya "haiwezekani". Inawezekana. Inategemea unamfanyia nani.

Hebu tupitie goti sasa. Ukikimbia kwenye nyasi halisi halafu ugeuke ghafla, daluga inakwama udongoni, lakini udongo wenyewe una huruma: kipande kinang'oka na mguu unaachiliwa. Unaharibu uwanja, hauharibu goti. Kwenye plastiki, majani hayang'oki. Daluga ikishika imeshika. Mwili unageuka, mguu unabaki, na kile kilicho katikati ndicho kinalipa. Mwaka wa 2020 rais wa chama cha wachezaji wa NFL, JC Tretter, aliandika waziwazi kutaka nyasi kwenye viwanja vyote vya ligi. Alitumia rekodi za majeraha za ligi yenyewe za 2012 hadi 2018: kwenye plastiki, majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongwa na mtu yalikuwa juu kwa asilimia 28, ya goti asilimia 32, na ya kifundo na wayo asilimia 69. Soma tena hapo: yasiyotokana na kugongwa. Hakuna aliyekutega wala kukukanyaga. Umegeuka tu.

Ligi ilijibu kwamba miaka mingine tofauti hiyo inapungua na kwamba aina za plastiki hazilingani. Ni kweli, na ukija kwa soka yetu tafiti haziimbi wimbo mmoja. Zingine zinaona tofauti ndogo sana. Sitawadanganya eti kila anayekanyaga astro ataondoka kwa magongo. Ningekuwa nimeishia kwa magongo kitambo.

Okei, niliishia. Mara moja. Hiyo ndiyo sababu niliyosema nitaifikia.

Ilikuwa mechi ya saba upande, usiku, uwanja wa kukodisha kwa saa hapa Nairobi. Kapeti lilikuwa la kitambo, majani yamelala, vile vipande vyeusi vimebaki kwenye kona peke yake. Nilikuwa winga. Nikapokea pasi nikiwa peke yangu kabisa, nikataka kurudi ndani na mguu wa kushoto. Mguu wa kulia ukakataa kuja. Nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu, kama mtu amevunja kijiti cha muhogo. Wasee walidhani nimejiangusha kutafuta faulo, na kwa kuwa nina historia hiyo, siwalaumu. Kano ya mbele ya goti. Miezi tisa. Mamangu aliuza kitu ambacho hakutaka kuuza, na hadi leo sijaweza kukirudisha. Sisemi ni kapeti pekee lililonifanyia hivyo. Pengine sikupasha mwili vizuri, pengine viatu. Ninachojua ni kwamba tulilipa kuingia, na mahali pa kuuliza lile kapeti lilibadilishwa lini hapakuwa.

Basi mtu mwenye goti kama langu angefaa kuwa adui wa astro, sivyo? Mimi siyo. Mimi nimelelewa kwenye uwanja wa murram. Ukianguka pale unaamka na mawe ndani ya ngozi, na mvua ya Aprili ikinyesha mnaanza kucheza Juni. Astro ya kwanza niliyokanyaga nilihisi niko Ulaya. Mpira unaenda pale unapoutuma! Taa ziko, unacheza baada ya kazi, mvua ikikata dakika kumi mnaendelea. Kwa mitaa ambayo haina maji ya kunywa, kumwambia mtu amwagilie nyasi kila siku ni matusi. Mahali uwanja unatumika saa kumi na mbili kwa siku, na timu ishirini, na hakuna bomba, plastiki ni jibu la maana. Nyasi hazingefika Ijumaa.

Lakini angalia hesabu ya Ann Arbor. Uwanja ule mkubwa unachezewa mechi za nyumbani kama saba kwa mwaka. Saba! Hiyo siyo Jericho Jumapili. Hawana shida ya maji, hawana shida ya pesa, na jirani yao ndiye fundi wa nyasi wa kuaminika duniani. Kilichobaki ni nani anasikika akisema anataka nyasi.

Panga foleni uone. Manchester United na Real Madrid: hawashuki kwenye ndege bila makubaliano, na wanapata nyasi. FIFA kwenye Kombe la wanaume: inadai, na viwanja vya NFL ambavyo huwa na plastiki mwaka mzima vinatandikwa nyasi. Wachezaji wa NFL wenyewe wakaangalia hiyo wakauliza, kama mnaweza kuwatandikia wageni wa mwezi mmoja, mbona sisi mnatuambia haiwezekani? Hao wana chama, wana mawakili, wana mamilioni, na bado wengi wanacheza kwenye kapeti. Shuka tena. Wanawake, Kombe la Dunia la 2015 kule Kanada: lote lilichezwa kwenye plastiki. Abby Wambach na wenzake walienda mahakamani 2014 wakisema wanaume hawajawahi kufanyiwa hivyo. Hawakushinda, wakaiondoa kesi, wakacheza, wakaweka mitandaoni picha za miguu iliyochubuka.

Sasa shuka hadi chini kabisa umkute mwanafunzi wa miaka kumi na tisa. Hadi 2021 hakuruhusiwa kupata hata senti kutokana na jina lake mwenyewe, wakati jezi yenye namba yake inauzwa getini. Kulipwa moja kwa moja na chuo kumeanza Julai 2025. Chama hana. Kocha anaweza kumtoa kwenye kikosi. Akiumia, msimu unaendelea na mwingine anavaa namba yake. Huyo nani atamuuliza anataka kukanyaga nini?

Ukitaka kujua mchezaji ana nguvu kiasi gani mezani, usiangalie mshahara wake. Angalia chini ya viatu vyake.

Na joto nalo. Hii ya joto inanisumbua zaidi kuliko goti, juu goti ni la mmoja na joto ni la wote. Kule Utah kuna chuo kinaitwa Brigham Young, nacho kiliweka plastiki kwenye uwanja wa mazoezi. Mwaka wa 2002 kocha mmoja akapata malengelenge miguuni, na alikuwa amevaa viatu. Watu wa chuo wakaenda kupima. Siku ya joto la nyuzi 37 hivi, uso wa lile kapeti ulifika nyuzi 93. Maji ya chai ya Nairobi yanachemka karibu na hapo. Nyasi halisi zilizo kando ziliachwa mbali sana, kwa sababu nyasi zinatoa jasho kama sisi, plastiki haitoi. Walimwagia maji, joto likashuka, halafu likapanda tena baada ya muda mfupi. Utah ni jangwa, sawa. Lakini chukua hilo kapeti uliweke Mombasa, Kisumu au Garissa, saa nane mchana, michezo ya shule, watoto wa miaka kumi na nne. Nani amepima?

Kuna wale watasema plastiki ni nafuu, unaweka mara moja umemaliza. Hapana, hakuna mara moja. Kapeti lina umri wake, kama miaka minane hadi kumi likitunzwa, halafu linang'olewa lote. Michigan waliliweka 2003, na 2010 wakatandika jipya. Lile la zamani linaenda wapi? Ni maelfu ya mita za mraba za plastiki, na chini yake tani na tani za vipande vya matairi. Umoja wa Ulaya mwaka wa 2023 ulipitisha sheria kwamba hivyo vipande visiuzwe tena kuanzia 2031, kwa sababu vinapeperuka na kuoshwa hadi mitoni. Na sisi ndio nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017. Ukikamatwa na mfuko wa nyanya ni faini, ila uwanja mzima wa plastiki tunakata utepe na kupiga makofi.

Sasa, kwa nini naandika wiki hii na si nyingine.

Chuo nilichosomea, na sikitaji jina kwa sababu mambo bado yako mezani, kina uwanja wa nyasi. Si mzuri. Una mteremko upande wa kaskazini, goli moja wavu wake umeshonwa na kamba ya katani, na Machi unakuwa na vumbi. Lakini ni wazi. Watoto wa mtaa wa nyuma wanaingia saa kumi. Wamama wa chama wanakaa chini ya miti Jumamosi. Timu ya wanawake inafanya mazoezi asubuhi sana, kabla ya masomo. Mzee anayeukata, ambaye sisi sote tulimwita Guka hata wale si Wakikuyu, anajua kila shimo lilipo na ni nani alilichimba.

Mpango uliopo ni kuung'oa na kuweka astro, ukuta wa waya, taa, na kukodisha kwa saa. Mchoro niliouona ni wa kupendeza, wale watu wa kompyuta wamechora hadi kivuli cha mchezaji anayeshangilia. Kwenye karatasi zile nimetafuta neno "goti" nikakosa. "Joto", nikakosa. "Mapato" limo mara kumi na moja.

Sipingi hadi nione jibu. Kwa maoni yangu wakiwa na nia ya kweli, wasawazishe ule mteremko, wavute bomba, wapunguze timu kwenye uwanja mkubwa, na wajenge kiwanja kidogo cha astro pale pembeni palipo na vyuma chakavu, hicho wakikodishe hadi usiku wa manane wakitaka. Nyasi zibaki kwa mechi. Si ndoto, Chuo Kikuu cha Arkansas kilikuwa na nyasi, kikaenda kwenye plastiki, na baada ya miaka kumi, 2019, kikarudi kwenye nyasi. Watu hubadili mawazo. Ni bora kuyabadili kabla ya kulipa.

Lakini kama lazima iwe kapeti, basi kuna maswali ya kuulizwa kabla ya trekta kuingia. Chini yake kuna godoro la kupunguza mshtuko ama ni kokoto na saruji tu? Baada ya miaka kumi nani analipia lingine, na hiyo pesa inawekwa wapi sai, si baadaye? Saa za jua kali nani anaruhusiwa kufunga uwanja, mwalimu ama mhasibu? Timu ya wanawake itabaki na asubuhi yake, ama asubuhi itauzwa kwa kampuni inayotaka kujenga umoja wa wafanyakazi? Na yule mtoto wa mtaa wa nyuma, ataingilia wapi?

Hilo la mwisho ndilo halina mwenzake Michigan, na ndilo linaniuma. Kule, kutoa nyasi kulibadilisha wanachokanyaga wachezaji. Hapa kunabadilisha pia ni nani anaitwa mchezaji. Nyasi za chuo hazina geti. Kapeti lazima liwe na geti, juu limegharimu, na geti lazima liwe na mtu, na huyo mtu lazima akuulize umelipa. Sijaona astro hata moja Nairobi ambayo mtoto anaingia tu na mpira wake wa makaratasi.

Ile siku tuliwafunga Morocco 1-0 Kasarani, Agosti 2025, kwenye CHAN, nilikuwa nimebanwa katikati ya majamaa wawili wakubwa, na sikuwa naona goli moja. Lakini nilikuwa naona nyasi. Zilikuwa za kijani kiasi kwamba msee wa kando yangu, mgeni kabisa, aliniambia, "Buda, hizi hata mimi ningecheza." Mashindano yalikuja, wageni walikuja, tukajua kuotesha nyasi. Pesa ikapatikana, maji yakapatikana, mafundi wakapatikana. Kwa hivyo usiniambie Kenya hatujui.

Kapteni wa timu ya wanawake wa chuo anakusanya sahihi. Barua yake ni ukurasa mmoja, inaomba wachezaji wawili wawe kwenye kamati inayoamua, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, na wawe na kura, si kiti tu. Nilimpigia nikamwambia aongeze na Guka. Akaniambia Guka alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Karatasi iko kwa askari wa geti la chini hadi Ijumaa saa kumi na moja, na ukisomea pale hata kama ulimaliza miaka mitano iliyopita, inakubaliwa. Beba kitambulisho.